Nilichafua Pamba ya Mume Wangu, Lawama Ikamwangukia Rafiki Yake

Mshauri mpendwa,

Nakuomba msaada, na ukiweza nisaidie kabla ya Jumatatu, maana Jumatatu mume wangu anapeleka barua ya malalamiko kwenye ofisi inayotoa leseni za biashara, na barua hiyo inamtaja mtu asiye na kosa, na mwenye kosa ndiye huyu anayekuandikia.

Mimi ni mshonaji wa makochi na mito, nina miaka arobaini na moja, karakana yangu ni chumba cha mbele cha nyumba tunayoishi, nimeolewa miaka kumi na mitatu na tuna mabinti wawili. Kwenye kazi yangu pamba ni rafiki na ni adui pia, kwa sababu wauzaji wanachanganya, anakuletea gunia limeandikwa pamba kumbe nusu yake ni nyuzi za plastiki, kwa hiyo nimejizoesha kuchomoa unyuzi mmoja na kuupelekea kiberiti, ukiwa pamba unanuka kama karatasi na unaacha jivu, ukiwa plastiki unajikunja, unayeyuka, unabaki kijidonge cheusi kigumu. Nakuambia haya mapema ili uelewe kwamba nazijua nyuzi.

Mume wangu ni fundi saa, meza yake iko chini ya ngazi za jengo moja la maofisi mjini, ni mtu wa mikono mitulivu na maneno machache. Alikuwa mvutaji wa sigara tangu kabla hajanioa, na mimi baba yangu alikufa kwa kifua, kwa hiyo nilimsumbua miaka mingi, mpaka mwaka juzi akaacha, akahamia kwenye vepu. Siyo hizi za kununua na kutupa, ni ile ambayo mtu anaijenga mwenyewe, ndani yake kuna waya mwembamba uliozungushwa kama springi wanauita koili, katikati ya koili unapitishwa utambi wa pamba, utambi unanyonya maji ya ladha, waya ukipata moto yale maji yanageuka mvuke. Kwa fundi saa ilikuwa kama mtoto kapewa kitu cha kuchezea, kila Jumamosi mchana ameinama na kibano na lenzi yake jichoni, na mimi nikasema afadhali, harufu ya ndizi siyo harufu ya tumbaku.

Tatizo lake lilikuwa utambi. Alianza na pamba ya duka la dawa akasema ina ladha ya hospitali, akachukua ya kwangu akasema ina vumbi na vipande vya mbegu, akajaribu nyingine ikaungua baada ya siku moja, na kila ikimshinda ananiletea mimi malalamiko kana kwamba ndiye niliyeilima. Miezi miwili nilikuwa nasikiliza habari za tambi. Halafu ghafla akanyamaza, wala hakuniomba pamba tena, na mshauri wewe ni mtu mzima, mwanamume aliyelalamika miezi miwili akinyamaza siku moja, mke mwenye akili hulala jicho moja wazi.

Jumamosi moja asubuhi niliingia jikoni nikakuta sufuria yangu ndogo motoni inatokota, ndani yake pamba nyeupe, maji yamekuwa manjano kidogo na juu yake yana utando kama wa mafuta, na mume wangu amesimama anaikoroga na kijiti cha mbao. Nikamuuliza hii nini, akasema naitoa nta, pamba ina nta yake ya asili, usipoichemsha utambi haunyonyi vizuri. Akamwaga yale maji, akaweka mengine, akachemsha mara ya pili, kisha akaikamua taratibu na kuitandaza kwenye taulo safi ndani ya chumba chetu, siyo kwenye kamba nje, eti isipate vumbi. Mimi nilichokiona ni mtu anayeficha. Nilipomsimulia jirani yangu, mama wa saluni, akaacha kichwa cha mteja akaniangalia akasema, "Shoga, mwanamume anayechemsha pamba ama anaficha dawa ya mganga ama anaficha mwanamke." Nikacheka, lakini kicheko hakikufika tumboni.

Nikaanza kuangalia simu yake, najua utanigombeza, nilimsubiri aingie kuoga. Nikakuta mtu aliyeandikwa "Pamba", bila jina lingine, na ujumbe wake wa kwanza unasema, "Ile ndefu imepatikana, njoo mwenyewe usimtume mtu," na mwingine unasema, "Ya kwanza uliichemsha vizuri?" na mwingine, huu ndio ulionimaliza, "Usiibane sana, iache ipumue, ukiibana itakuunguza." Niliusoma mara tatu nimeketi kwenye ukingo wa kitanda, maji ya bafuni yanamwagika, najiuliza ni nani huyu anayebanwa, ni pamba au ni mimi.

Sikumwambia nimeona. Jumamosi iliyofuata nikaketi mezani kwake nikajifanya nataka kujifunza, na mshauri alifurahi sana, hicho ndicho kinachonila roho sasa, alifurahi kama mtu aliyekuwa anasubiri kuulizwa. Akafungua kopo la bati alimoweka pamba yake, akachana ukanda mwembamba akiufuata upande nyuzi zilikolalia, akaung'oa ganda la juu na la chini akabaki na moyo, akauviringisha kwa vidole viwili bila kuukaza. "Angalia," akasema, "upite ndani ya koili huku unakataa kidogo. Usipokataa kabisa, maji yatavuja. Ukikataa sana, maji hayafiki katikati, na pakavu ndipo panapoungua, na ukivuta moto mkavu kifua chako kitakuambia." Akakata ncha kwa mkasi mdogo, akazichambua kwa kibano zikawa kama ndevu za mbuzi, akadondosha maji tone moja moja mpaka utambi ukabadilika rangi. Nikamuuliza kwa sauti ya kawaida, "Na pamba nzuri hivi unaipata wapi?"

"Kwa mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu tu, mama watoto. Anafanya kazi kiwandani."

Mshauri, mtu tu ni jibu gani kwa mke wa miaka kumi na mitatu?

Basi nikamfuata. Kuna kiwanda cha kusokota nyuzi upande wa pili wa mji, nilisimama kwenye duka la vifaa vya umeme lililotazamana na geti, nikajifanya nachagua balbu. Saa ya chakula cha mchana akatoka mwanamke wa umri wangu amevaa koti jeupe la maabara, nadhifu, akampa mume wangu mfuko wa karatasi, wakacheka, kisha akanyoosha mkono na mume wangu akamshika kifundo kuangalia saa aliyovaa. Labda alikuwa anaangalia saa tu. Lakini fundi saa huwezi kujua anaangalia saa au anashika mkono, kazi yake inamruhusu vyote viwili.

Nilirudi nyumbani, na Alhamisi yake, yeye akiwa kazini, nilifungua lile kopo. Nilitaka pamba ya yule mwanamke imharibikie, aione haina maana, aache kwenda, hilo tu. Nikachukua nyuzi zile za plastiki ninazojazia mito ya bei nafuu, ile laini kabisa inayoteleza, nikazichambua, nikachanganya na pamba yake robo kwa robo tatu ili vidole vyake visigundue, nikazilaza zote upande mmoja kama anavyozilaza yeye, nikafunga kopo. Sikujua kama ingemdhuru, naapa, nilidhani ladha tu ndiyo itaharibika.

Siku ya tatu akaanza kukohoa. Akasema maji ya ladha yana harufu ya kitu kilichoungua, akabadilisha chupa, kikohozi kikazidi, akavua utambi akaweka mwingine kutoka kopo lile lile, akabadilisha chupa tena. Utambi hakuushuku hata siku moja kwa sababu aliuandaa kwa mikono yake mwenyewe. Aliyemshuku ni Kimya.

Kimya ndiye anayemuuzia maji na waya, ana duka dogo la kioo karibu na kinyozi, ni rafiki yake tangu shule na ndiye aliyesimama naye siku ya ndoa yetu, tunamwita Kimya kwa sababu ukimsalimu anajibu kwa kichwa. Mume wangu alikwenda pale Jumamosi iliyopita duka limejaa watu, akaweka chupa tatu juu ya kaunta akasema kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo, "Unaniuzia sumu, na unajua." Kimya akafungua chupa moja kati ya zile zile, akatia kwenye vepu yake akavuta mbele ya kila mtu, hakukohoa. Mume wangu akasema, "Kwako umebadilisha." Haya yote nilisimuliwa na mama wa saluni, mtaa mzima unayo, na tangu siku hiyo wateja wanapita nje ya kioo wanachungulia bila kuingia.

Jumanne nikampeleka hospitali. Daktari akamsikiliza mgongo akamuuliza umebadilisha nini, akasema maji ya yule mtu. Daktari akanigeukia mimi. "Mama, kuna kingine chochote kilichobadilika nyumbani?" Nilikuwa nimeketi kwenye benchi, mkoba magotini, nikasema hakuna.

Siku hiyo hiyo mchana Kimya akaja karakana kwangu. Hakuketi. Alisimama kati ya makochi mawili yasiyo na vitambaa akaniuliza, "Shemeji, na wewe unaamini nimemfanyia hivyo?" Nikamjibu, "Mimi mambo yenu ya vepu siyajui." Akatikisa kichwa akaondoka, na nikaendelea kupiga misumari kwenye kochi mahali ambapo nilikuwa nimeshapiga.

Kopo bado liko kabatini, limebaki na robo. Kila nikitaka kulitoa naona atauliza limekwenda wapi. Yeye anaendelea kujaribu kila siku mara moja, eti anakusanya ushahidi, anaandika kwenye daftari chupa gani imemkohoza kiasi gani. Na bado yule wa koti jeupe sijui ni nani kwake. Nikisema, nimevunja nyumba yangu na kumwachia huyo mwanamke mlango wazi. Nisiposema, Jumatatu Kimya anakwisha. Nifanyeje?

Namba yangu nimeiandika chini ili ujue barua ni ya kweli, lakini tafadhali usipige.

Ni mimi, mshonaji

*

Mshauri anajibu

Mshonaji, barua yako iliachwa mapokezi Ijumaa asubuhi. Nilipofika kwenye lile neno "anaendelea kujaribu kila siku" niliiweka chini nikapiga namba uliyosema nisipige. Wasomaji wangu wanisamehe, gazeti hutoka Jumatano na mapafu ya mtu hayangoji Jumatano. Unayakumbuka mazungumzo yetu, lakini nitayaandika hapa, kwa ruhusa yako uliyonipa baadaye, kwa sababu wako wengine wenye makopo yao kabatini.

Nilikuuliza, "Kopo liko wapi?"

"Kabatini."

"Yeye yuko wapi?"

"Kazini."

"Nenda ukalichukue. Usikate simu."

Nilisikia ndara zako, nikasikia mlango wa kabati. Ukasema nimelishika, nimwage jalalani? Nikakwambia hapana, lifunge kwenye mfuko, hilo linakwenda na ninyi hospitali, daktari aone kwa macho yake mgonjwa amevuta nini. Ndipo ukaanza kulia, ukaniambia, "Mama, mimi sikujua."

Nilikukatiza wakati ule na nakukatiza tena hapa. Usiniambie hukujua. Uliniandikia mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba unachoma unyuzi kwa kiberiti na unajua upi unaacha jivu na upi unayeyuka. Mtu anayejua plastiki inafanya nini kwenye moto, akaitia kwenye kifaa ambacho kazi yake ni moto, kisha mvuke wake unaingia kifuani mwa mume wake, huyo amejua. Na asiyejua hachanganyi robo kwa robo tatu ili vidole visigundue. Wewe uliamua tu kutolifikiria hilo mpaka mwisho, kwa sababu mwisho wake ulikuwa mbaya na hasira yako ilikuwa tamu. Sikuiti muuaji. Nakuita mtu mwenye akili aliyeizima akili yake kwa makusudi, na hilo lina jina pia, ulitafute mwenyewe.

Hata pale hospitali. Daktari alikufungulia mlango kwa mkono wake, ukaurudishia. Mficha maradhi kilio humfichua, lakini wewe ulificha maradhi ya mwenzako, na kilio kingekuwa cha mabinti zako.

Sasa nikupe na haki yako, kwa maana unayo. Hukuwa mwendawazimu. Pua yako ilinusa kitu na kitu kilikuwepo. Ulipomwambia mumeo mchana ule ule chini ya ngazi, nilivyokuagiza, ulinisimulia kwamba alivua lenzi jichoni, akakuuliza swali moja tu, "Kiasi gani?" Ukamjibu robo. Akachomoa unyuzi kwenye mfuko, akaomba kiberiti kwa fundi viatu wa jirani, akauchoma mwenyewe, akakitazama kile kijidonge muda mrefu. Hakukupiga, hakukutukana. Alifunga meza saa sita mchana, jambo ambalo hajawahi kulifanya, mkaenda hospitali kwa miguu, yeye mbele wewe nyuma.

Na njiani, bila kugeuka, akakuambia kwamba yule wa koti jeupe aliwahi kuwa mchumba wake, kabla yako, wakaachana kwa amani, na walikutana tena mwaka huu alipoleta saa yake itengenezwe. Kazi yake kiwandani ni kupima urefu wa nyuzi za pamba, naye akamwambia kwa utambi tafuta pamba ya nyuzi ndefu isiyotiwa dawa ya kung'arisha, nitakuwekea mabaki ya sampuli. Basi. Alikuficha kwa sababu alijua utauliza, na alikuwa hataki kuulizwa.

Fundi saa, najua unasoma, mkeo ameniambia hununua gazeti hili kila Jumatano. Wewe ulitiwa plastiki kifuani, kwa hiyo sitakugombeza sana leo. Nitakugombeza kidogo. Mke akiuliza mtu gani, mtu tu siyo jibu. Uliweka namba ya mwanamke mzima kwenye simu yako ukamwita Pamba, kama vile duka. Kama hakukuwa na jambo, kwa nini ulimvisha jina la bidhaa? Maelezo yako nimeyakubali nusu, na nusu iliyobaki siyo yangu kuidai, ni ya mwenzako. Umwambie yote, ameketi, siyo mkiwa njiani yeye anautazama mgongo wako. Na pamba ukiitaka, inunuliwe dukani. Ile ya kiwandani imekwisha.

Ingawa kwa sasa pamba huihitaji. Nilimuuliza daktari wa kifua ninayemwamini kabla ya kuandika haya, na wenu naye aliwaambia vile vile: njia za hewa zimevimba, picha haikuonyesha baya zaidi, lakini asivute kitu chochote, cha moto au cha mvuke, na arudi apimwe tena. Mimi ningependa asirudie kabisa. Najua yeye anaipenda ile kazi ya mikono, kuzungusha waya na kuchambua utambi. Basi atengeneze saa. Mapafu hayakuumbwa kwa mvuke wa ndizi, hata utambi uwe safi namna gani.

Nije kwa Kimya, ambaye katika barua yako ndefu umempa nafasi ndogo kuliko wote, naye ndiye aliyepoteza kingi bila kutenda lolote. Barua ya malalamiko haikupelekwa Jumatatu, mumeo aliichana, vizuri. Lakini kuchana karatasi hakumsafishi mtu. Uliniuliza kwenye simu kama inatosha umwendee nyumbani kwake jioni umwombe radhi faraghani, kwa sababu ya aibu. Haitoshi. Yeye hakutukanwa faraghani. Alitukanwa Jumamosi duka limejaa, basi utakwenda Jumamosi duka limejaa, na kama halijajaa utasimama nje ya kioo, wanapochungulia wale wale. Utasema kwa mdomo wako, "Maji yake hayakuwa na kosa, mimi ndiye niliyeharibu utambi." Usieleze ya koti jeupe, usieleze ya simu, usitafute wa kukuonea huruma. Sentensi moja. Mumeo aseme ya kwake baada yako, kwa kuwa wewe ulitega lakini mdomo uliotukana ni wake. Kimya akijibu kwa kichwa, mshukuru. Asipojibu, mshukuru vile vile, nendeni.

Mama wa saluni msalimie, mwambie mshauri amesema kichwa cha mteja kisiachwe katikati. Kuanzia leo ukiwa na wasiwasi juu ya mumeo, mpelekee mumeo wasiwasi huo. Utajibiwa vibaya mara nyingine, lakini utajibiwa na mwenyewe.

La mwisho ndilo ulilonipigia jana. Umesema tangu siku ile anakula kwako, lakini akiletewa sahani huinusa kwanza. Hafichi, anainama, ananusa, kisha anaweka kijiko chini kidogo kama anayesubiri kitu. Umesema jana ulishindwa kuvumilia, ukamwambia, "Unanidhalilisha mbele ya watoto," ukanyanyuka mezani.

Usirudie. Hakudhalilishi, anaogopa, na hofu hiyo uliipika wewe. Huwezi kuiondoa kwa machozi wala kwa kununa. Leo ukipakua, pakua sahani mbili kutoka chungu kimoja, mbele ya macho yake. Keti. Kula wewe kwanza, tonge la kwanza na la pili, taratibu, kama mtu mwenye njaa ya kawaida. Akinusa, endelea kula. Kesho ufanye hivyo, na mwezi ujao ufanye hivyo, wala usimuulize ataacha lini.